Watu watano, waraka mmoja: kuandika pamoja bila ya kufutiana

Ripoti ilisema kilo 18095. Kikundi chetu cha mwani hapa Zanzibar hakijawahi kupata kilo elfu kumi na nane kwa bamvua moja, yaani siku zile maji yanapotoka mbali, na sidhani kama wajukuu zangu watakuja kukiona kikizipata. Mwenyekiti alikuwa Jambiani na simu yake, mimi nipo mjini na laptopu, na sote wawili, kwa nia njema kabisa, tuliiona namba 80 iliyokosewa tukaifuta. Yeye akaandika 180, kwa sababu daftari la mzani lilikuwa mbele yake. Mimi nikaandika 95, kwa sababu nililokuwa nalo ni daftari la zamani. Programu haikumdharau yeyote. Ilizipanga namba zetu ubavu kwa ubavu, na ripoti ikenda kwa mnunuzi hivyo hivyo. Akapiga simu kuuliza bahari ya pili tumeipata wapi.

Haya ninayoyaandika ni kwa makatibu wenzangu, wa vikundi vya ushirika, wa kamati za harusi, wa skuli, na yeyote anayefungua waraka mmoja pamoja na wengine kisha asubuhi akakuta maneno yake hayapo. Nitataja zaidi Google Docs, ya maandishi, na Google Sheets, ya majedwali, kwa kuwa ndizo ninazozishika kila siku. Word iliyowekwa OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, inafuata mkondo huo huo, kwa sharti kwamba kila mtu aifungue kutoka huko huko na uhifadhi wa papo kwa papo uwe umewashwa. Faili la Word linalotumwa kwenye WhatsApp si waraka wa pamoja hata kidogo. Kila anayelipakua ana nakala yake, na baada ya siku tatu mnazo "ripoti ya mwisho", "ripoti ya mwisho kabisa" na "ripoti ya mwisho tumia hii".

Programu inajua herufi, haijui maana

Chukua sentensi hii: "Kilo 80 za mwani". Ukizihesabu herufi, tarakimu na nafasi zake, ni 16. Mtu wa Paje anaweka 1 kabla ya 80. Dakika hiyo hiyo mtu wa Wete, kule Pemba, anaongeza neno "mkavu" mwishoni, yaani baada ya herufi ya 16. Kila mmoja anakiona alichoandika papo hapo kwenye kioo chake, kisha amri yake inasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoutunza waraka, na kutoka huko inakwenda kwa wenziwe. Amri ya Wete inapofika Paje, sentensi ya Paje imeshakuwa na herufi 17. Programu ingeifuata amri kama ilivyokuja, ungesoma "Kilo 180 za mwan mkavui". Haiifuati hivyo. Inapiga hesabu kwanza: huko nyuma imeongezeka herufi moja, basi 16 na iwe 17. Wote wawili wanasoma "Kilo 180 za mwani mkavu".

Ufundi wote ni huo, kugeuza amri ya mtu ilingane na yaliyotokea wakati amri ipo njiani. Watafiti wawili waliokuwa Marekani, Clarence Ellis na Simon Gibbs, waliueleza mwaka 1989, na Google Docs inautumia mpaka leo. (Mwaka huo huo ndipo kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza huku kwetu, Paje na Jambiani. Ni sadfa tu, lakini mimi huipenda.) Zipo programu nyingine zinazoipa kila herufi kitambulisho chake, ili nakala mbili ziweze kuunganishwa hata bila ya seva kuamua nani alitangulia. Kwa mtumiaji matokeo yanakaribiana.

Sasa rudi kwenye 18095. Mwenyekiti alifuta 80 akaweka 180. Mimi nilifuta 80 hiyo hiyo nikaweka 95. Kwa programu, 80 imefutwa, sawa, na kuna maandishi mawili mapya mahali pamoja, yote mawili yabaki. Haijui kwamba hizo ni kilo, wala kwamba mzigo mmoja hauwezi kuwa na namba mbili za kilo.

Kwenye jedwali mambo ni kinyume. Kisanduku kimoja hakigawanyiki. Watu wawili wakiandika ndani yake kwa pamoja, anayebonyeza Enter mwisho ndiye anayebaki, na namba ya mwenzake inaondoka bila ya kelele. Kwa hiyo waraka huweka yote na jedwali huweka la mwisho. Mimi naliogopa zaidi jedwali, maana 18095 angalau inachekesha, mtu ataiona. Namba 95 iliyokaa mahali pa 180 haimshtui yeyote mpaka siku ya kugawana pesa.

Hatua ya kwanza: jueni saa zenu za kugongana

Watu huchukulia mgongano kama bahati mbaya. Kwetu unafuata mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanatoka mbali, na kina mama wote wako baharini saa zile zile. Mwani unaanikwa siku zile zile, unakauka siku zile zile, na mizani mitatu inapima alasiri moja. Makarani watatu wanafungua jedwali moja baina ya saa tisa na saa kumi na moja. Siku nyingine za mwezi unaweza kuliacha wazi na hapana atakayeligusa.

Kila kazi ina bamvua yake. Skuli ni wiki ya kujaza alama. Kamati ya harusi ni usiku wa kuamkia siku ya kulipa ukumbi. Kaa na wenzako muulizane: ni lini tunaingia sote kwa mkupuo? Saa hizo ndizo zinazotaka utaratibu. Kwa saa zilizobaki msijisumbue na kanuni nyingi, kwa sababu kanuni zikizidi watu hurudi kwenye kutumiana picha za daftari.

Hatua ya pili: milango

Waraka uwe mali ya akaunti ya kikundi, usiwe wa mtu binafsi. Katibu aliyenitangulia aliolewa akahamia Maskati, na daftari letu lote la miaka miwili likawa chini ya barua pepe yake. Alikuwa muungwana, alitukabidhi. Si kila mtu atakuwa hivyo.

Ruhusa ziko tatu, kusoma tu, kutoa maoni, na kuhariri. Wape kuhariri wale wanaoandika kweli kweli. Mwenyekiti anayetaka kuangalia jumla kila jioni mpe ya kusoma, na umweleze kwa adabu kwamba ni kwa ajili ya simu yake isije ikaguswa na mjukuu. Mimi nilisema hivyo na alishukuru. Mshauri anayesahihisha lugha mpe ya kutoa maoni.

Na walike watu kwa barua pepe zao, mmoja mmoja. Kiungo cha "yeyote mwenye kiungo" ni rahisi, unakitupa kwenye kundi la WhatsApp na kazi imekwisha. Tabu ni kwamba anayeingia hivyo bila ya kujitambulisha huonekana kwenye kioo kama mnyama asiyejulikana, na kwenye historia hakuna jina lake. Siku tuliyopoteza safu nzima ya majina tulikuwa na wanyama wanne ndani ya jedwali, na hadi leo sijui nani alikuwa nani.

Hatua ya tatu: pigeni pegi

Shambani baharini kila mama ana eneo lake. Amepigilia pegi, amefunga kamba, na hakuna anayefunga taitai, vile vijikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba ya mwenziwe hata kama zimepakana. Hawahitaji mlinzi. Jedwali linataka hivyo hivyo, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ukilipanga vizuri robo tatu ya ugomvi haitokei.

Daftari letu la kwanza lilikuwa na mstari mmoja kwa kila mama, na kisanduku kimoja cha jumla ya kilo zake. Karani akipima gunia jipya alisoma jumla ya zamani, akaongeza kichwani, akaandika jumla mpya. Mama mmoja akipeleka gunia moja Paje na binti yake akipeleka jingine Bwejuu saa hiyo hiyo, makarani wawili wanasoma 60. Mmoja anaongeza 25 na kuandika 85, mwingine anaongeza 40 na kuandika 100. Enter ya mwisho inashinda. Jumla ya kweli ni 125 na haionekani popote.

Dawa yake ni kutokuandika jumla kabisa. Kila gunia na mstari wake mpya: tarehe, jina, namba ya uanachama, kilo, jina la karani. Mstari ukishaandikwa hauguswi. Kosa likitokea unaandika mstari mwingine wa kurekebisha, wenye alama ya kutoa. Jumla iachieni fomula.

Kisha kila mzani uwe na ukurasa wake ndani ya jedwali lile lile. Sisi tunao wa Paje, wa Jambiani na wa Bwejuu, na wa nne ni wa jumla, ambao hauandikwi na binadamu. Kilo zikiwa kwenye safu ya D, kisanduku cha jumla kuu ni hiki tu:

=SUM(Paje!D2:D)+SUM(Jambiani!D2:D)+SUM(Bwejuu!D2:D)

Ukurasa wa jumla ufunge. Ingia kwenye menyu ya data, chagua kulinda ukurasa, uache jina lako na la mhasibu peke yake. Hata kurasa za mizani zinaweza kufungwa ili karani wa Paje asiweze kuandika kwa Bwejuu. Si suala la kutoaminiana. Kidole kinateleza kwenye simu, hasa chenye chumvi.

Kama makarani wenu ni wengi, au hawapendi majedwali, tengenezeni fomu ya mtandaoni (Google Forms). Kila inapotumwa inaongeza mstari wake mpya chini kabisa, na watu ishirini wakituma kwa pamoja hawakutani. Ningeanza upya leo, ningeanza na fomu.

Lipo jambo moja ambalo pegi hazilizuii, nalo ni kupanga. Karani wetu mmoja alitaka kulitafuta jina haraka. Akaichagua safu ya majina peke yake akaipanga kwa alfabeti. Majina yakahama, kilo zikabaki zilipokuwa. Hakuna namba iliyofutwa, jumla kuu haikubadilika hata gramu moja, na kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Saa nzima watu waliendelea kuandika chini yake. Tulikuja kugundua pale mama mmoja mzee, mwenye kamba kumi tu, aliposomewa kilo 212. Alicheka, akasema basi na mlipe hivyo hivyo.

Kwa hiyo marufuku kupanga wala kuchuja, yaani kuficha mistari usiyoitaka, kwenye ukurasa wa pamoja. Chujio la kawaida ukiliweka wewe wote wanaliona, na mwenzako ataapa kwamba mistari yake imefutwa kumbe imefichwa. Anayetaka kutafuta atumie mwonekano wa chujio, unaopatikana kwenye menyu hiyo hiyo ya data. Huo anauona yeye peke yake, na anaweza kupanga humo apendavyo. Na kutafuta jina moja hakutaki chujio lolote, Ctrl+F inatosha.

Dalili ndogo ya kumfundisha kila karani siku ya kwanza: ukiona kisanduku kimezungukwa na fremu ya rangi isiyo yako, kuna mtu ndani. Subiri atoke.

Hatua ya nne: kwenye maandishi, kalamu iwe na mwenyewe

Barua za maombi, ripoti na katiba za kikundi haziwezi kugawanywa kwa visanduku. Zigawe kwa vichwa vya habari. Fungua waraka, andika vichwa vyote vya habari kwanza, na chini ya kila kimoja weka jina la mwenye kuandika. Wenzetu wa Pemba, ambako ndiko inakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, huandika sehemu ya uzalishaji. Sisi huandika ya masoko. Nisipokubaliana na sentensi ya mtu wa Wete siifuti, naweka maoni pembeni, Ctrl+Alt+M, nikitaja jina lake ili limfikie.

Rasimu ya kwanza ikikamilika, badilisha hali ya kuandika iwe ya kupendekeza. Kuanzia hapo unachofuta hakifutiki, kinapigwa mstari, na unachoongeza kinakuja kwa rangi na jina lako. Mwenye sehemu ndiye anayekubali au kukataa. Wengi huiona hali hii kama ya urasimu. Mimi naona inaokoa urafiki. Maalim mmoja wa kikundi chetu aliwahi kunitumia ujumbe saa nne ya usiku: "Umeifuta aya yangu, au macho yangu?" Nilikuwa nimeifuta kweli, nikidhani ni marudio. Tangu tulipoanza kupendekeza hajauliza tena swali hilo.

Saa mbili za mwisho kabla ya kutuma, kalamu ni moja. Mtu mmoja anahariri, waliobaki wanatoa maoni tu, na ikibidi washushiwe ruhusa. Makosa mabaya kabisa hutokea dakika hizi, kila mtu anapopita "kuangalia mara ya mwisho". Kosa letu la 18095 lilizaliwa dakika kumi kabla ya kutuma.

Hatua ya tano: bando likikata, umeme ukizimika

Kuandika pamoja kunategemea amri zifike kwenye seva haraka. Kadiri unavyokaa nje ya mtandao ndivyo unavyoandika juu ya waraka ambao haupo tena. Ukirudi, yako yatapelekwa yakachanganywa na ya wenzako. Kwenye waraka huenda yakakaa vizuri. Kwenye jedwali, namba uliyoiandika saa tisa ukiwa huna bando inaweza kufika saa kumi na mbili na kukaa juu ya namba iliyosahihishwa saa kumi.

Nje ya mtandao ongeza mistari mipya tu, usisahihishe kilichopo. Matumizi ya nje ya mtandao yawashwe mapema, mtandao ukiwepo. Kwenye simu ni kwa kila faili peke yake. Ukishakatikiwa umechelewa. Na kabla ya kuzima simu au kufunga laptopu angalia ishara ya wingu iliyo karibu na jina la waraka. Ikionyesha kwamba imehifadhiwa, ondoka kwa amani. Ikionyesha kwamba uko nje ya mtandao au bado inahifadhi, kazi yako ingali mkononi mwako, hakuna mwengine anayeiona. Daftari la karatasi la mzani msilitupe.

Hatua ya sita: pakishaharibika

Usikimbilie Ctrl+Z. Inatengua ulichofanya wewe, haitengui aliyoyafanya mwenzako, na ukiibonyeza kwa hasira mara kumi utakuwa umejifutia kazi yako mwenyewe juu ya hasara iliyokuwepo.

Kwanza waambie wote wasimamishe kuandika. Piga simu, usitume ujumbe, maana anayeandika hasomi WhatsApp. Kisha kaa kwenye kompyuta ufungue historia ya matoleo, kwa kubonyeza Ctrl+Alt+Shift+H. Utaona orodha ya nyakati na majina, na kila mhariri na rangi yake. Rudi nyuma mpaka uikute saa ambayo mambo yalikuwa sawa. Kama ni kisanduku kimoja tu, bonyeza juu yake kitufe cha kulia cha kipanya uombe historia ya uhariri wake. Utaonyeshwa nani aliandika nini na lini.

Hapa ndipo watu wengi wanapoongeza kosa juu ya kosa. Wanalipata toleo zuri na kulirejesha lote. Kurejesha hakufuti historia, hilo ni kweli, unaweza kurejea tena mbele. Lakini kunaiondoa kazi ya kila mtu iliyofanywa baada ya saa ile. Siku ya majina yaliyohama, kurejesha toleo la saa tisa kungetupotezea magunia ya saa nzima ya mizani mitatu. Tulichofanya ni kutengeneza nakala ya toleo la saa tisa kama faili pembeni, tukaichukua safu ya majina peke yake, tukaibandika juu ya iliyoharibika, mpaka mstari wa mwisho uliokuwepo saa tisa. Mistari iliyokuja baadaye hatukuigusa. Dakika kumi na tano, na mbili kati yake ni za kubishana.

Ili siku hiyo isikukute unapekua matoleo mia, yape majina matoleo muhimu wakati hali bado ni shwari. Sisi kila bamvua ikimalizika tunalipa toleo jina la mwezi na bamvua, "kabla ya malipo". Menyu ya historia ya matoleo inayo sehemu ya kufanya hivyo.

Na ripoti ikiwa tayari, ipakue kama PDF. Fungua PDF hiyo usome namba zote kwa sauti, mwenzako akiwa na daftari la mzani mkononi, kisha tuma hiyo. Kiungo cha waraka mnunuzi hapewi.